Kuchagua Mfumo Imara wa Usukani kwa Gari Lililoinuliwa

Kuinua gari la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne ni kazi ambayo gereji zetu nyingi huimudu. Springi ndefu zaidi hufungwa, shokapu hubadilishwa, matairi makubwa huvishwa, na mwenye gari huondoka na chombo kinachopita juu ya mawe na mapito ya maji ambayo zamani yangemkwamisha. Waendeshao watalii, wakulima wa mbali, watafiti na wakandarasi wana sababu nzuri za kufanya hivyo. Lakini jambo moja mara nyingi halielezwi wakati wa kulipa: mfumo wa usukani ulisanifiwa kwa kimo cha gari lilivyotoka kiwandani. Kimo kikibadilika, usukani nao hubadilika tabia, hata kama hakuna kipuri chake kilichoguswa.

Hapo ndipo mlaji hurudi dukani akilalamika kwamba gari linayumba au usukani unatetemeka, naye huuziwa kifaa kimoja baada ya kingine. Baadhi ya vifaa hivyo vinafaa, baadhi havihitajiki, na baadhi huficha hatari badala ya kuiondoa. Tumeandaa maelezo haya ili msomaji asiye fundi aweze kujua anachonunua, na aweze kumuuliza fundi maswali yanayostahili. Hili si suala la fedha tu. Injini ikizimika, gari husimama. Dragi linki ikichomoka kwenye mteremko, hakuna kifaa cha pili cha kuyaelekeza magurudumu.

Jinsi usukani unavyofanya kazi

Tutatumia mfano wa magari yenye ekseli moja nzima mbele na springi za koili, kama vile Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa tangu mwaka 1999, Land Rover Defender za zamani na Suzuki Jimny. Magari haya ndiyo yanayoinuliwa zaidi, na mpangilio wake wa usukani unafanana.

Dereva anapozungusha usukani, boksi la stelingi lililofungwa kwenye chasisi husukuma mkono mfupi uitwao pitimani. Mkono huo husukuma fimbo ndefu, dragi linki, ambayo hupeleka mwendo hadi kwenye gurudumu la upande wa pili. Fimbo nyingine, tairodi, huunganisha magurudumu mawili ili yageuke pamoja. Kila mwisho wa fimbo una kiungo cha mviringo ambacho mafundi hukiita tairodi endi. Aidha, ipo fimbo ya panhadi, iliyofungwa upande mmoja kwenye chasisi na upande mwingine kwenye ekseli. Hii haigeuzi magurudumu; kazi yake ni kuizuia ekseli isihame kushoto au kulia.

Ikumbukwe siri moja ya usanifu huu: dragi linki na panhadi zimelazwa zikiwa sambamba, na urefu wake unakaribiana. Gari linapopita kwenye tuta, ekseli hupanda na kushuka, na fimbo zote mbili huzunguka kwa pamoja kama mikono miwili ya mtu mmoja. Kwa kuwa zinakwenda pamoja, magurudumu hayageuki.

Kinachobadilika gari linapoinuliwa

Jambo la kwanza ni ekseli kuhama. Chukulia fimbo ya panhadi yenye urefu wa milimita 900, ambayo ncha yake ya chini iko milimita 50 chini ya ncha ya juu. Gari likiinuliwa kwa milimita 50, hesabu rahisi ya pembetatu inaonyesha kwamba ekseli itavutwa pembeni kwa takriban milimita 4. Likiinuliwa kwa milimita 100, itavutwa kwa takriban milimita 11, yaani zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kuinua gari kidogo huvumilika, lakini kila nyongeza inayofuata huleta taabu kubwa kuliko iliyotangulia.

Jambo la pili ni usukani kutokaa katikati. Dragi linki nayo imeinama zaidi, hivyo imekuwa fupi kwa kipimo cha ulalo, na huvuta magurudumu hata kabla dereva hajagusa kitu. Tiba sahihi ni kurekebisha urefu wa dragi linki. Mwenye gari akatae fundi anayeng'oa gurudumu la usukani na kulirudisha likiwa limenyooka. Njia hiyo hulinyoosha kwa macho tu, huku boksi la stelingi likiachwa nje ya kitovu chake, mahali ambapo huwa na ulegevu zaidi, na gari hukata kona vizuri upande mmoja kuliko mwingine.

Jambo la tatu, ambalo ndilo husahauliwa zaidi, ni pembe iitwayo kasta. Tazama uma wa mbele wa baiskeli: umelala kidogo kuelekea kwa mwendeshaji. Mlalo huo ndio unaolifanya gurudumu lipende kunyooka lenyewe. Gari nalo lina mlalo kama huo. Mikono inayoishika ekseli ya mbele inapoinamishwa na springi ndefu, ekseli huzunguka na mlalo hupungua. Mkono wenye urefu wa milimita 900 ukiinamishwa kwa milimita 50, ekseli huzunguka kwa nyuzi 3 hivi. Kwa gari ambalo lilitoka kiwandani likiwa na nyuzi chache tu za kasta, kiasi hicho chaweza kuwa karibu chote kilichokuwapo. Gari la namna hiyo huyumba kwenye lami, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Jambo la nne ni uzito. Matairi makubwa ni mazito na yana nguvu zaidi ya kuupinga usukani, hasa kwenye mchanga, tope na mawe. Rimu zilizotokeza nje na spesa huongeza mzigo huo, kwa kuwa kila kishindo kinachompiga gurudumu hupata mkono mrefu zaidi wa kusukumia. Viungo vilivyodumu miaka mingi na matairi ya kawaida huanza kulegea mapema.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Mlaji anapofika dukani na kusema "usukani unatikisika," kifaa cha kwanza anachopewa mara nyingi ni shokapu kubwa ya usukani. Tunatahadharisha waziwazi kuhusu ushauri huo. Mtikisiko mkali unaoanza gari linapogonga shimo au rasta, na usiokwisha mpaka dereva apunguze mwendo, hutokana na ulegevu mahali fulani au na vipimo vilivyoharibika. Vyanzo vya kawaida ni boliti za panhadi zilizolegea au matundu yake yaliyopanuka, beringi za kingipini zilizokwisha, tairodi endi zilizochoka, bushi zilizokatika, na matairi yasiyobalansiwa. Shokapu mpya huweza kuunyamazisha mtikisiko kwa majuma kadhaa. Ulegevu wenyewe hubaki, na huendelea kukua mahali ambapo dereva hausikii tena.

Kabla ya kununua chochote, omba ukaguzi huu, nawe usimame karibu uuone:

1. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, breki ya mkono imevutwa na injini inawaka, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia mfululizo. Mwingine, akiwa amekaa mahali salama, atazame kila kiungo kuanzia kwenye boksi hadi kwenye gurudumu. Fimbo zinapaswa kusogea papo hapo. Kiungo kinachocheza kwanza ndipo fimbo ifuate kimekwisha. Ekseli ikisogea pembeni wakati huohuo, panhadi haijakaza.

2. Gurudumu moja la mbele liinuliwe kwa jeki na gari likae juu ya stendi imara. Gurudumu litikiswe kwa kulishika juu na chini. Ulegevu huelekeza kwenye beringi za gurudumu au za kingipini. Kisha litikiswe kwa kulishika kushoto na kulia. Ulegevu huelekeza zaidi kwenye viungo vya fimbo.

3. Mahali boksi la stelingi linapofungiwa pasafishwe vumbi na grisi, ndipo patazamwe kwa tochi. Ufa mwembamba kwenye chasisi mahali hapo ni sababu ya kulizuia gari lisitoke mpaka litengenezwe.

4. Gari lipimwe kwenye mashine ya alaimenti, na karatasi ya vipimo ukabidhiwe. Karatasi hiyo ionyeshe kasta, si mwelekeo wa magurudumu peke yake.

Mara nyingi ukaguzi huu huonyesha kwamba tatizo ni kiungo kimoja kilichochoka. Hapo mlaji ataokoa fedha nyingi ambazo angezitumia kununua seti nzima.

Vifaa vinavyouzwa na kazi ya kila kimoja

Vifaa vya kurekebisha kasta. Hivi ni bushi zilizotobolewa nje ya kitovu, bamba za kuhamisha matundu, au mikono mipya iliyopindwa kiwandani. Bushi hutosha pale kasta iliyopotea ni kidogo. Kwa magari yaliyoinuliwa zaidi, mikono mipya hudumu kuliko bushi zilizolazimishwa. Kwa gari lenye springi za koili, tunaviona vifaa hivi kuwa sehemu ya kuinua gari kwenyewe. Havipaswi kuhesabiwa kuwa anasa ya baadaye.

Panhadi inayorefushwa. Hii huirudisha ekseli katikati ya gari. Chagua yenye nati ya kukazia iliyo imara na bushi za mpira zinazopatikana nchini.

Pitimani iliyoshuka. Mkono huu huteremsha ncha ya dragi linki ili ilale vizuri zaidi. Katika gari lenye panhadi, kuuweka peke yake huharibu usambamba tulioueleza: fimbo moja imeshushwa, nyingine imebaki. Matokeo yake ni gari linalojikata lenyewe kila linapopita kwenye bonde au tuta. Muuzaji anayependekeza pitimani iliyoshuka aulizwe pia atafanya nini kuhusu panhadi. Asipokuwa na jibu, biashara iishie hapo.

Tairodi na dragi linki nzito. Fimbo za kiwandani zinaweza kupinda zikigonga jiwe au kisiki. Fimbo nene hupinga kupinda, na kwa anayepita mara kwa mara kwenye miamba zina thamani ya kweli. Hata hivyo, nguvu isiyopinda fimbo haipotei. Huhamia kwenye tairodi endi, boksi na chasisi. Kwa hiyo fimbo nene zifungwe kwenye gari ambalo viungo vyake vingine vimekaguliwa na ni vizima.

Aina ya kiungo mwishoni mwa fimbo. Baadhi ya seti hutumia beringi za duara zilizo wazi, zinazotumika katika magari ya mashindano. Huonekana za kisasa, lakini nyingi hazina kifuniko cha mpira wala nafasi ya kupigia grisi. Kwenye vumbi la changarawe na tope la masika, mchanga huingia na kuzisaga. Kwa matumizi ya kila siku katika barabara zetu, tunapendekeza tairodi endi za kawaida zenye kifuniko cha mpira, ambazo mwenye gari anaweza kuzipata Singida au Mpanda bila kusubiri meli.

Shokapu ya usukani. Ni kifaa kizuri kikiwa cha mwisho. Hupunguza vishindo vinavyofika mikononi mwa dereva kwenye barabara yenye mawimbi. Kinunuliwe baada ya ulegevu wote kuondolewa.

Msaada wa haidroliki. Hii ni silinda inayosukumwa na mafuta ya pampu na kufungwa kwenye tairodi ili kulisaidia boksi. Huhitaji boksi lililotobolewa kwa usahihi na pampu yenye uwezo. Hufaa kwa matairi makubwa sana na kazi nzito ya mwendo mdogo. Isichanganywe na mfumo wa haidroliki mtupu, ambao hauna fimbo yoyote ya chuma kati ya usukani na magurudumu. Mfumo huo ni wa viwanja vya mashindano. Bomba likipasuka, dereva hana tena njia ya kuyageuza magurudumu. Usiufunge kwenye gari linalopita katika barabara za umma.

Upande wa usukani. Seti nyingi zinazotangazwa kutoka Marekani zimetengenezwa kwa magari yenye usukani kushoto. Pitimani, dragi linki na panhadi za magari hayo mara nyingi hukaa kinyume na zetu. Hakikisha maandishi ya bidhaa yanataja usukani wa kulia, pamoja na mfano na mwaka wa gari lako. Usikubali maneno "itaingia tu, tutaipindapinda." Fimbo ya usukani iliyopashwa moto na kupindwa, au iliyokatwa na kuchomelewa gerejini, haina wa kuithibitisha nguvu yake.

Magari yasiyo na ekseli nzima mbele

Toyota Hilux zilizotengenezwa tangu mwaka 2005 na Land Cruiser Prado tangu mfululizo wa 90 zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, na usukani wake ni wa reki. Magari haya hayana panhadi wala dragi linki mbele. Kuyainua huinamisha tairodi fupi mbili pamoja na shafti zinazoendesha magurudumu. Kwa kawaida kuyainua zaidi ya milimita 50 hivi huanza kuzichosha shafti na kuharibu vifuniko vyake vya mpira. Kifaa kinachosaidia zaidi ni mikono ya juu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa, kwa kuwa hurudisha kasta. Anayetaka kimo kikubwa kuliko hicho ajue kwamba gharama si ya springi peke yake.

Kupanga matumizi ya fedha

Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, tunashauri mpangilio huu. Kwanza, badilisha kila kiungo kilichochoka, hata kama ni kwa kipuri cha kawaida cha kiwandani. Pili, rudisha vipimo: kasta, nafasi ya ekseli na kitovu cha usukani. Tatu, ongeza nguvu ya fimbo ikiwa safari zako kweli zinaihitaji. Nne, ndipo ufikirie shokapu ya usukani na msaada wa haidroliki. Anayeanza na hatua ya nne amenunua mapambo.

Aidha, jiulize kama kimo ulichopangiwa ni cha lazima. Gari lililoinuliwa kwa milimita 50 na kurekebishwa kikamilifu ni salama kuliko lililoinuliwa kwa milimita 100 na kuachwa nusu. Kwa abiria sita wanaoshuka kwenye kreta ya Ngorongoro, tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini dereva huishika mikononi.

Kabla ya kulipa

Omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha vipuri, ufundi na alaimenti. Duka lisilohesabu alaimenti halijakamilisha kazi.

Kagua kipuri kabla hakijafungwa. Tazama jina la mtengenezaji, namba ya kipuri na ubora wa maandishi. Kifungashio chenye makosa ya tahajia au lebo iliyobandikwa juu ya nyingine ni dalili ya bidhaa bandia.

Hakikisha shingo ya tairodi endi inaketi sawasawa katika tundu lake. Fundi asipanue tundu kwa kutoboa ili shingo iingie.

Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi inayotaja muda wake na nani atakayelipia ufundi kipuri kikiharibika. Chukua vipuri vyako vya zamani. Ni mali yako, na huenda vikawa ushahidi.

Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli kamili. Badiliko lililofichwa huweza kuleta mgogoro siku ya madai.

Baada ya kufungwa

Kabla gari halijaondoka, usukani uzungushwe hadi mwisho kila upande huku mtu akitazama. Fimbo isiguse springi wala difu, tairi lisisuguane na mwili wa gari, na bomba la breki lisivutike. Kila nati ya tairodi endi iwe na pini yake ya kufungia, na boliti ziwe zimekazwa kwa spana ya kupima mkazo. Rudi gerejini baada ya kilomita mia chache ili boliti zikazwe tena, hasa za panhadi. Baada ya safari yoyote ngumu, rudia ukaguzi wa kwanza tulioueleza. Hauhitaji zaidi ya watu wawili na dakika kumi.

Ukiuziwa kipuri bandia, au ukidanganywa kuhusu ubora wa kifaa, sheria iko upande wako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia. Masuala ya viwango vya bidhaa yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Anza kwa kumwandikia muuzaji, ukiambatisha nakala ya risiti, karatasi za alaimenti za kabla na baada ya kazi, na picha za kipuri. Malalamiko yenye karatasi hizo husikilizwa kwa urahisi zaidi. Wakati unasubiri majibu, gari lenye usukani wa mashaka lisiendeshwe, wala asikabidhiwe dereva mwingine asiyejua hali yake.